Fundi Hatamki Kiuno

Vijana wangu wa darasa la cherehani, mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Nikawaambia mimi niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa shambani kuliko dawatini. Mkasema, andika hivyo hivyo unavyoongea. Haya, naandika. Msije mkalalamika kwamba mliomba habari za pindo na vifungo mkapewa mambo ya kuwashtua. Mimi mwenyewe nimeshtuka hadi leo, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Nianze na uzi.

Ninyi mnapima kwa futi kamba, na wengine nimewaona mnapiga mteja picha kwa simu halafu mnabahatisha. Mimi nilifundishwa kazi Kiboriloni na mama mmoja aliyeitwa Mama Nsia. Baraza lake lilikuwa nyuma ya soko, upande wa wauza ndizi, na cherehani zake zote zilikuwa za kukanyaga. Mama Nsia hakutumia futi. Alisema futi inapiga kelele, kwa sababu lazima mmoja asome namba na mwingine aishike kichwani, na baraza zima linasikia. Yeye alitumia uzi mnene wa katani. Anauzungusha kiunoni, anafunga fundo. Anauzungusha kifuani, fundo la pili. Nyonga, fundo la tatu. Yote anaanza kuhesabu kutoka ncha ile ile moja, kwa hiyo la kiuno ndilo linakuwa la kwanza, linafuata la kifua, la nyonga linakuja mwisho. Kwenye ncha anafunga kipande cha kitambaa cha huyo mteja ili uzi ujulikane ni wa nani, kisha anautundika kwenye msumari ukutani. Ukuta wa baraza letu ulikuwa umejaa nyuzi kama ndevu.

Sheria ya kwanza aliyonipa, kabla hata sijakanyaga pedali, ilikuwa hii: fundi hatamki kiuno cha mtu. Mteja amenenepa, nyamaza. Amekonda, nyamaza. Amekuja kufumuliwa sketi aliyoshonewa juzi, chukua wembe, fumua, nyamaza. "Mwanamke akishakuinulia mikono umpime," aliniambia, "amekuamini kuliko anavyomwamini dada yake. Ukisema barazani, umemvua nguo sokoni."

Na kweli tulijua mengi. Mwanamke akishika mimba, fundo la kiuno linaanza kulisogelea la kifua. Fundi anajua kabla ya mama mkwe, na mara nyingine anajua kabla ya mwenyewe. Tulikuwa tunajua nani anafunga ndoa haraka na kwa nini. Tukashona, tukanyamaza, tukasifiwa kwa adabu zetu.

Tulikuwa pia na vituko, msidhani ilikuwa huzuni tupu. Mwaka mmoja tulipewa kazi ya kanzu za kwaya, nyuzi zote za waimbaji zikatundikwa msumari mmoja. Paka wa muuza dagaa akapanda, akaziangusha, akacheza nazo mpaka vile vipande vya kitambaa vikachomoka. Vyote vilikuwa vya rangi moja, maana ni kwaya! Mama Nsia hakutaka kuwaita tena kuwapima, aliona aibu. Akaotea. Krismasi ile bwana mmoja wa besi, mnene kama pipa la pombe ya mbege, aliimba ibada nzima bila kuvuta pumzi, na binti mwembamba wa sauti ya kwanza alikuwa anaikanyaga kanzu yake kila akisogea. Mchungaji alisema kwaya mwaka huu imeimba kwa unyenyekevu mkubwa. Kumbe walikuwa wanaogopa kupasuka.

Basi. Hayo ndiyo mliyotaka. Sasa nawaambia yale yaliyonifanya nishike kalamu.

Macho yaliponikatalia kutunga uzi kwenye sindano nilifunga baraza, nikarudi huku Machame kwenye kihamba cha migomba alichoacha baba, ninaishi kwenye pembe aliyonikatia kaka yangu. Wote mnaniita Mama Fundi. Hamjawahi kujiuliza kwa nini. Wanawake wa rika langu hapa wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi nimeitwa kwa jina la kazi kwa sababu hakuna mtoto wa kuniitia.

Masika iliyopita vijana wa usharika waliomba ufanyike mjadala ukumbini, Jumapili baada ya ibada, kuhusu sheria ya utoaji mimba: iachwe ilivyo, au ifunguliwe. Redio walikuwa wamelizungumza, vijijini watu wakawa hawaongei kingine. Jumatano ya wiki ile nilikuwa uani kwangu namenya ndizi za mtori. Walikuwepo wawili. Mmoja ni jirani yangu Mama Ombeni, anauza ndizi na maziwa pale Kwa Sadala, mwanamke wa maombi na mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mwingine ni Jackline, mjukuu wa jirani wa chini, amesomea sheria na anafanya kazi mjini na watu wa haki za wanawake.

"Mtoto ni mtoto tangu siku ya kwanza," Mama Ombeni alianza, hakuna aliyemwuliza. "Hakuna mwezi ambao Mungu anaanza kuhesabu."

"Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Mtoto ni mtoto."

Jackline akacheka. "Mama, sheria ilivyo sasa, ni pale tu maisha ya mama yakiwa hatarini. Wengine wote wanakwenda kwa siri. Sheria haiwazuii wasitoe, inawazuia wasionekane tu."

"Wezi nao wanaiba kwa siri. Kwa hiyo turuhusu wizi?"

"Mwizi havuji damu mpaka akafa chooni, Mama. Nilisoma na mmoja. Tulilala kitanda cha juu na cha chini. Aliogopa kwenda hospitali kwa sababu aliogopa polisi. Tulimzika Rombo na mama yake alikuwa bado hajui amekufa kwa nini."

Mama Ombeni akasema taratibu, si kwa ile sauti yake: "Binti yangu alipata mimba yuko shule. Waliniambia, mpeleke mahali, liishe, arudi darasani. Nikakataa. Nimemlea yule mtoto kwa maziwa ya ng'ombe huyu huyu unayemsikia analia. Sasa hivi anakamua mwenyewe, ananisomea Biblia maana macho yangu hayaoni. Ninyi mkisema ni haki ya mtu kutoa, mimi nasikia mnamsema huyo. Yeye angemwomba nani? Hana mdomo."

"Na msichana ana mdomo, nani anamsikiliza?" alisema Jackline. "Wewe ulikuwa na ng'ombe, Mama. Ulikuwa na moyo. Wangapi wanarudi nyumbani wanakuta baba ameshika panga?"

"Basi tuwanyang'anye hao mababa mapanga. Tusimnyang'anye mtoto uhai."

"Mtawanyang'anya lini?"

Nasema kweli, niliwasikiliza nikaona kila mmoja ana kaburi au mtoto anayemsemea. Hakuna aliyekuwa anacheza. Nilikuwa namenya ndizi tu. Halafu Jackline akanigeukia.

"Mama Fundi, Jumapili uje. Wewe unaweza kuwasaidia wasichana kuliko mimi. Watu wanajua kwamba ulifika hospitali ukiwa... wanajua. Ukisimama wewe, wataelewa."

"Naam!" Mama Ombeni akadakia. "Aje, atubu mbele ya watu. Mabinti wajifunze kuogopa."

Miaka yote hiyo nadhani ni siri yangu, kumbe ni habari inayosubiri matumizi. Mmoja ananitaka niwe mfano, mwingine niwe onyo. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza ilikuwaje.

Kesho yake, Alhamisi, akaja Elinami.

Huyu namtaja kwa jina lake na sitamfunika. Elinami alikuwa mwuza vitambaa. Alikuwa na duka Kwa Sadala, na kila wiki alituletea jora za satini na tetroni Kiboriloni. Sasa ni mzee wa kanisa, ana mvi nzuri, anasoma somo la Jumapili bila kukosea. Alikuja mchana, peke yake. Alikuwa ameshika jani la isale.

Ninyi mliozaliwa mjini pengine mnaliona tu kwenye mipaka ya vihamba, lile jani refu la kijani. Kwetu, mtu aliyekukosea akikuletea isale, anakuomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya waliokufa. Watu wamesamehe hata damu kwa sababu ya jani hilo. Kulikataa, sijawahi kusikia. Wazazi wetu walisema nyumba iliyokataa isale haikai.

Akaliweka juu ya cherehani yangu. Ipo pale dirishani, siitumii tena, nimeifunika kitambaa.

"Aikaeli," akasema. Hilo ndilo jina langu. Sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu nikiwa msichana. "Nisamehe yote."

"Yote ndiyo nini?"

"Yote tu. Sisi ni watu wazima sasa."

"Elinami, taja."

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. "Jumapili mimi ndiye nitakayesema upande wa kutetea uhai. Nisingependa nisimame pale huku kati yetu kuna jambo. Umeshapokea, si ndiyo? Tuwe na amani." Na akaondoka, hakukaa hata kitini, jani limebaki juu ya cherehani.

Mnaelewa alichofanya? Alichukua kitu kitakatifu cha watu wetu akakitumia kama kufuli. Nikishapokea isale, siruhusiwi kulitaja tena lile jambo. Ndivyo ilivyo. Hakuja kuomba msamaha, alikuja kunifunga mdomo kabla ya Jumapili. Nilikuwa na siku mbili za kuamua kama nitabaki nimefungwa, kama nilivyofungwa maisha yangu yote.

Sasa niwaambie ni jambo gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi tayari, Mama Nsia ananiachia suti za harusi. Elinami alikuwa na maneno laini na alijua kukunja satini bila kuacha mkunjo. Alisema atanioa. Hakusema kwamba Kwa Sadala ana mke. Nilipomwambia nina mimba alifurahi, au alijua kuonyesha furaha. Alisema lazima nikapimwe vizuri, kuna daktari anamjua, Fanueli.

Fanueli hakuwa daktari. Huyu naye namtaja, ingawa amekufa na alizikwa kwa heshima nyingi. Alikuwa ameosha chupa kwenye zahanati, akaona sindano zinavyochomwa, akafungua duka la dawa, watu wakamwita Daktari na yeye akaitika. Nyuma ya duka alikuwa na chumba. Elinami alinipeleka kwa pikipiki yake, akasimama mlangoni, akaniambia niingie tu, ni kipimo, na kuna sindano ya kuimarisha mtoto. Ya kuimarisha mtoto! Niliinua mkono wa gauni langu mwenyewe.

Yaliyofuata siyaandiki, ninyi ni vijana na mimi nataka kulala usingizi. Naandika hili tu: nilipozinduka nasikia maumivu ambayo sikujua mwili unayo, wale wawili walikuwa wanazungumza habari za mpira. Nani kafunga, nani kakosa penalti. Elinami akaona nimefumbua macho, akasema, "Imekwisha, usilie, utazaa mwingine." Kisha akamalizia habari ya penalti.

Sikuzaa mwingine. Siku chache baadaye nilianguka barazani juu ya kitambaa cha watu. Wauza ndizi ndio walionibeba mpaka hospitali. Muuguzi mmoja aliniambia, "Ulipokuwa unafurahia hukutuita, sasa unatuita." Daktari wa kweli, kijana mwenye macho ya kuchoka, aliniuliza nani kafanya. Nilinyamaza. Nilijua sheria itanikamata mimi kwanza, na nani ataniamini kwamba sikujua? Walinitoa kizazi ili nibaki hai. Nilibaki hai.

Mama Nsia alikuja wodini na bakuli la mtori. Mtori, chakula cha mzazi! Akaketi, akanilisha kwa kijiko kama mwanamke aliyejifungua, hakuuliza kitu. Nilidhani hajui. Nilidhani ameleta mtori kwa sababu ndicho alichopika.

Miezi ikapita, nikakonda sana, nikataka kulipunguza gauni langu la Krismasi. Kila mwaka Mama Nsia alitushonea sisi wasaidizi wake gauni jipya, alitupima mwenyewe kwa uzi. Lile la mwisho alikuwa amenipima wiki chache kabla ya yale mambo. Nikaligeuza ndani nje nianze kufumua, nikakuta ubavuni ameacha akiba ya mshono pana, pana ajabu, viganja vizima pande zote mbili, na ameipiga uzi mrefu wa kushikiza tu ili ifumuliwe kwa urahisi. Hakuna fundi anayeacha kitambaa kiasi kile kwenye gauni la msichana. Ile ilikuwa akiba ya tumbo.

Alijua. Fundo langu lilikuwa limehama, na vidole vyake vilikuwa vimelikuta. Akanishonea nafasi ya mtoto, akanyamaza, kwa sababu fundi hatamki kiuno. Angesema neno moja tu, "Aikaeli, nimeona, usiende popote bila mimi," nisingepanda pikipiki ya Elinami. Nilikaa chini na lile gauni mapajani. Nilimpenda yule mama, nampenda hata sasa, na bado nasema adabu yake ilishirikiana na Fanueli. Siwezi kulisema kwa namna nyingine.

Jumapili ikafika. Nikalifunga lile jani kwenye kipande cha kanga, nikalitia kwenye mkoba.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Barikieli, mtu wa zamani kabisa, anayejua mipaka ya vihamba vyote na ugomvi wa kila mpaka. Elinami akasimama wa kwanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, lazima niseme. Alisema uhai ni wa Mungu. Watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia, kwa sababu hilo halina ubishi. Halafu akasema, "Mabinti wa siku hizi wanatupa watoto kama maganda ya ndizi. Hawana hofu. Wanaamua asubuhi, jioni wamemaliza."

Nilimtazama mikono. Haikutetemeka. Nilisubiri macho yake yaje kwangu, yapepese angalau. Yalikuja, yakanipitia, yakaendelea kwa mwingine kama vile mimi ni nguzo ya ukumbi. Nimeishi miaka mingi, nimeona maiti ikivalishwa suti niliyoshona, nimeona bi harusi akizimia, lakini kitu kilichonikausha mate ni ile mikono iliyotulia.

Jackline akasema upande wake. Alisema vizuri, alisema mwanamke aachiwe aamue, ni mwili wake. Kisha akasema, "Na hapa ukumbini wapo walioamua, na waliteseka kwa sababu sheria iliwakimbiza gizani."

Walioamua. Upande ule naitwa mtupa maganda, upande huu naitwa mwenye kuamua. Nikainua mkono.

"Mama Fundi, sema," alisema Mzee Barikieli.

"Mimi sikuamua," nikasema. "Nilipelekwa na Elinami huyu kwa Fanueli. Aliniambia ni sindano ya kuimarisha mtoto. Nilimtaka yule mtoto. Nilikuwa nimeshachagua kitambaa cha kumbebea."

Mnajua nini kilitokea? Nilidhani ukumbi utamgeukia Elinami. Nilidhani hata mmoja atamtazama. Mama Ombeni alisimama analia machozi ya kweli: "Mmesikia? Ndiyo maana tunakataa! Hiki kitu kinaharibu! Sheria iongezwe ukali!" Na kabla hajakaa, Jackline kasimama, naye amepaza sauti: "Mmesikia? Angekuwa na hospitali ya halali, kungekuwa na daktari wa kweli, angeulizwa kama anataka!" Huyu akavuta, yule akavuta. Vijana wakapiga makofi huku, akina mama wakapiga vigelegele kule. Walinigawana kama mbuzi wa ndafu harusini, kila upande ukaondoka na paja lake. Na Elinami? Alikaa. Alifungua Biblia, akawa anatafuta ukurasa.

Nikatembea mpaka mbele. Nikafungua kanga. Nikaliweka jani la isale juu ya magoti yake, juu ya Biblia.

"Uliniletea Alhamisi," nikasema. "Nakurudishia."

Hapo ndipo watu waliposhtuka! Ukumbi mzima ulishika mdomo. Bibi mmoja alisema "Ee Ruwa, Mungu wetu!" akajifunika uso kwa kitenge. Mzee mmoja akatoka nje kabisa. Mama Ombeni akanishika mkono, "Isale hairudishwi, Mama Fundi, unataka kutuletea balaa?" Nimesema mbele yao kwamba nilidanganywa nikachinjiwa mtoto wangu tumboni, wakapiga makofi wakaendelea kubishana. Nimerudisha jani, wakanyamaza kama wako makaburini. Mpaka leo sijui niliweke wapi hilo.

Mzee Barikieli akasimama na fimbo yake, taratibu. Alikuwa amekasirika, na alinikasirikia mimi kwanza. "Kurudisha isale si kitu kidogo, binti yangu." Halafu akamgeukia Elinami. "Ulimpelekea wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

"Isale haipelekwi peke yako. Ulitaja kosa?"

Elinami akainama, akatazama jani.

"Nakuuliza, Elinami. Anayeleta isale anataja kosa mbele ya mashahidi. Ulitaja kosa gani?"

Elinami akasema kitu kwa Kichagga, chini chini, ameinama.

"Sema kwa Kiswahili," alisema Mzee Barikieli. "Na vijana wasikie."

Na kwa mara ya kwanza niliona ile mikono ikitetemeka. "Nilimpeleka kwa Fanueli," alisema. "Sikumwambia tunakwenda kufanya nini."

"Alikuwa amekubali?"

"Hapana."

Hakuna aliyepiga makofi. Jackline alikuwa amesimama, akakaa. Mama Ombeni aliuachia mkono wangu, kisha akaushika tena, safari hii si kwa kunizuia. Mzee Barikieli akalichukua jani kutoka kwenye magoti ya Elinami, akalifuta kwa kiganja, akanielekezea. "Sasa limeletwa sawasawa. Pokea."

Wote wakanitazama. Walitaka nipokee ili warudi nyumbani wakale.

"Nimemsikia, Mzee," nikasema. "Kupokea ni siku nyingine."

Akaomba chupa ya maji, akalitia lile jani ndani, akaliweka dirishani kwenye ofisi ya usharika. Bado lipo. Nikipita Jumapili ananiangalia, na mimi natikisa kichwa kwamba bado, na hanilazimishi. Elinami siku hizi anakaa kiti cha nyuma. Somo anasoma mwingine.

Mjadala wenyewe unaendelea, msidhani uliisha. Mama Ombeni bado anasema mtoto ni mtoto, Jackline bado anasema aachiwe aamue, na wakikutana uani kwangu ndizi zinakauka hawajamaliza. Mimi nami nina mawazo yangu kuhusu sheria, lakini siwapi, mna vichwa vyenu. Nimewataka kitu kimoja tu wale wawili, na wamekubali: wakizungumza habari zangu, waanze na jina la Elinami.

Na ninyi. Mnajua kukata kwa kufuata uzi wa kitambaa, mnajua kufunga kingo kwa ovaloki, pindo lenu limenyooka kuliko langu. Kuna binti atakuja kwenu kufumuliwa sketi. Vidole vyenu vitajua. Barazani usitamke, hapo Mama Nsia alikuwa sahihi. Mwite ndani, funga mlango, na utamke. Mwambie, "Kiuno chako kimehama. Nani mwingine anajua?" Kisha funga mdomo na umsikilize mpaka amalize, hata kama mteja mwingine anagonga. Usimpeleke kwa Mama Ombeni wala kwa Jackline kabla hujajua yeye mwenyewe anataka nini. Na akikuambia kuna mtu amesema atampeleka kwa daktari fulani kupimwa tu, weka mkasi chini, vaa viatu, uende naye wewe.